Mgonjwa Hasogezwi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee, alipoteza jina lake siku alipoanza kazi ya gari la wagonjwa. Wote tulimwita Chapuchapu. Hata chai aliinywa amesimama, ufunguo mkononi, utadhani kuna mtu anakata roho nje ya mlango. Mimi ni muuguzi wa wodini, na tangu alipokuja kuposa kwetu hatukuacha kutaniana.

"Nyinyi manesi hata kupiga chafya mnasubiri daktari aandike," alikuwa akisema.

"Na nyinyi ni wapagazi, ila mmepewa king'ora," nilimjibu, na dada alicheka mpaka akashika mbavu.

Utani kando, kazi zetu zilikuwa mbalimbali kweli. Mimi chuoni nilianza kwa kutandika kitanda chenye mtu juu yake. Nikafundishwa kuogesha, kulisha, kugeuza, kuutazama mkojo kama umebadilika rangi, kumzoea mgonjwa kiasi cha kutambua kwamba ukimya wake wa leo si ule wa jana. Yeye alifundishwa mambo ya haraka: kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika, na kuamua peke yake barabarani huku mvua inanyesha na watu wanampigia kelele. Akifika hospitali anatoa taarifa kwa muuguzi wa mapokezi, anakabidhi mgonjwa, anageuza gari. Nani alipona, nani alikufa, hakujua.

Kuna jambo moja walilompigilia kichwani kuliko yote: aliyeumia mgongo hasogezwi. Siku dada alipoteleza kwenye ngazi za ghorofa yao akiwa na beseni la nguo, Chapuchapu alikuwepo. Alipiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akawafokea majirani waliotaka kumwinua kwa huruma zao, akakaa hivyo hivyo mpaka wenzake walipoleta ubao na kola ya shingo. Daktari wa upasuaji alisema wazi kwamba bila yeye dada asingefika hai. Hilo nampa, ni haki yake.

Miguu ndiyo haikurudi. Dada aliruhusiwa kwenda nyumbani akiwa hasikii chochote kuanzia kiunoni kushuka. Mimi nafanya kazi mji mwingine, likizo niliomba nikanyimwa, ikabaki simu ya jioni.

"Anaendeleaje, shemeji?"

"Yuko imara. Mapigo mazuri, anapumua vizuri, hana homa."

Hiyo ndiyo taarifa ya mlangoni. Kwa mtu anayelala kitandani miezi haitoshi hata kidogo, lakini ndiyo aliyokuwa nayo.

Nilipopata likizo na kufika kwao, harufu ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Kila muuguzi anaijua. Chumba kilikuwa kisafi, shuka limenyooshwa, na dada amelala chali katikati ya mifuko miwili ya mchanga iliyombana asiyumbe.

"Mdogo wangu, mbona umekonda?" akaniambia. Yeye, akiwa vile, ananiambia mimi nimekonda!

"Mara ya mwisho amelazwa ubavu saa ngapi?" nikamuuliza shemeji.

"Ubavu gani?" Chapuchapu alishangaa. "Mgongo ule? Hasogezwi."

Hospitali walikuwa wamemwambia amgeuze kila baada ya saa mbili, na siku ya kwanza alijaribu. Dada akapiga ukelele, yeye akaziona tena zile ngazi, mikono ikamgomea. Tangu hapo akawa analivuta shuka chini yake polepole bila kumwinua, na majimaji aliyoyakuta akadhani ni mkojo. Alimlisha kwa kijiko, alimfuta uso, alilala sakafuni pembeni yake. Kwa mapenzi hayo yote alikuwa anamuua.

Tulimgeuza pamoja. Kidonda cha kulalia mgongo muda mrefu kilikuwa chini ya kiuno, kikubwa kuliko kiganja changu, na ndani yake niliuona mfupa.

"Mbona mmenyamaza?" dada aliuliza akiwa ameuelekea ukuta. "Kuna nini huko nyuma?"

Nilimvuta shemeji hadi jikoni, nikamtukana matusi ambayo sijawahi kumtukana mtu. Hakujitetea. "Nilikuwa naulinda mgongo," alirudia, "nilikuwa naulinda mgongo," mpaka nikaichukua simu yake nikawaita wenzake.

Wenzake walikuja na gari. Pale mapokezi muuguzi akauliza kama kawaida, "Taarifa?" Yeye ambaye huitoa kwa pumzi moja alinigeukia. Nikaitoa mimi. Wenzake wakageuza gari wakaondoka, naye akaingia wodini akiwa anashikashika mifuko yake, hajui asimame wapi.

Daktari alituambia sumu ya kidonda imeshaingia kwenye damu. Dawa zilianza kupita kwenye dripu.

"Sasa tunafanya nini?" Chapuchapu aliniuliza.

"Tunakaa."

"Halafu?"

"Saa mbili zikiisha tunamgeuza."

"Basi? Hakuna kingine?" Alikuwa analia waziwazi. "Mimi siwezi kukaa tu hivi, shemeji. Nipe kitu cha kufanya!"

Nikampa. Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, mvute kwako, usimsukume. Mara ya kwanza alimgusa kwa ncha za vidole tu. Dada akamwambia, "Nishike vizuri bwana, mimi si yai." Aliendelea kujifunza, na nakiri alijifunza vizuri. Homa nayo iliendelea kupanda, dada akaacha kutania, kisha akaacha kusema kabisa.

Mchana mmoja wakati wa kumgeuza ukafika. Nilikishika kwanza kiganja cha dada, kama ninavyofanya siku zote; kilikuwa kimepoa, nikajua. Chapuchapu alikuwa upande wa pili, mikono ameshaiweka mahali pake, macho yote kwenye ule mgongo, anahesabu kwa sauti ndogo. Nikaiweka na mimi yangu. Tukamgeuza. Akamwekea mto nyuma, akalinyoosha shuka lisibaki na mkunjo hata mmoja, halafu akaniuliza tutamgeuza tena saa ngapi.