Thavu ya Shangazi Nduku

Nikiwa mtoto wa miaka tisa kule Mbooni, hakuna neno lililonitisha kama thavu. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Susu, alituambia ni uchafu wa laana unaoingia nyumbani mtu akivunja mwiko, na kwamba mbaya kuliko zote ni thavu ya mwanamke aliyetoa mimba.

"Damu hiyo usiiguse," alisema. "Ukiigusa utakauka kama bua la mahindi, na mvua itakataa kunyesha."

Susu alikuwa mama wa kanisa, kila Jumapili benchi la mbele, lakini Biblia haikumtoa thavu moyoni.

Shangazi Nduku alikuwa kitinda mimba wake. Alikuwa akisoma kidato cha tatu, na ndiye aliyenifundisha kusoma kabla sijaanza shule. Likizo moja ya Agosti alirudi kutoka shuleni hataki chakula.

Mchana mmoja wa ukungu nilitumwa kukata majani ya ng'ombe karibu na mto. Nikasikia mtu akiguna kwenye migomba. Nilimkuta Shangazi ameketi chini, leso imelowa damu hadi magotini.

"Mwende, usinikaribie," akasema. "Usiniguse kabisa."

Hata yeye, na masomo yake yote, aliogopa thavu.

Alinieleza kwa pumzi fupi fupi. Kulikuwa na mama mmoja nyuma ya soko la Kikima. Alimpa dawa ya kunywa, kisha akatumia kijiti. "Usimwambie mtu. Ni jela, Mwende. Mimi na yule mama, sote jela."

Nikaapa. Nikarudi nyumbani, nikaketi jikoni na Susu kupukuchua mahindi, punje zikinianguka ovyo. Sijui nilikaa muda gani. Nakumbuka debe lilijaa. Hatimaye nikauliza, "Susu, mtu akisimama karibu na ile damu lakini asiiguse, atakufa?"

Susu akaweka gunzi chini. "Damu ya nani?"

"Ya Shangazi."

Sijawahi kumwona mzee akikimbia vile. Nilidhani akifika atasimama mbali. Alipiga magoti palepale kwenye damu, akamkumbatia binti yake, akamfuta mapaja kwa mikono mitupu huku akimwita "mwana wakwa, mwana wakwa", mwanangu, mwanangu.

Majirani walimbeba kwa kitanda hadi barabarani, na lori la mboga likatupeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole. "Ametumia nini? Niambieni ukweli nijue pa kuanzia."

Mlangoni alisimama mwanamume mwenye kofia ya sare. Leo nadhani alikuwa bawabu tu, lakini kofia hiyo ilitosha kututia hofu ya polisi.

"Alianguka akichota maji," Susu akasema. Kisha akanitazama. Shangazi alikuwa ameshazimia. Mimi niliyejua habari ya kijiti niliangalia sakafu.

Alifariki siku ya pili.

Kijijini walisema ni thavu, wakadai mbuzi achinjwe boma lisafishwe. Susu akatoa mbuzi. Kwa miezi mingi nilimchunguza mikono kila asubuhi, nikingoja ianze kukauka. Haikukauka. Mvua ya Novemba nayo ikanyesha vizuri kuliko miaka mingi iliyotangulia, na hilo likanitisha zaidi, maana sasa sikujua kilichomuua Shangazi ni nini.

Susu aliishi hadi uzee mkubwa. Hatukuzungumzia siku ile hata mara moja.

Miaka mingi baadaye, wakati wa kura ya katiba, kile kifungu cha kumruhusu mhudumu wa afya kutoa mimba pale maisha ya mama yamo hatarini kilizua kelele kanisani kwetu. Mchungaji akaomba wanaokipinga wasimame. Kanisa zima likasimama. Mimi nilibaki nimeketi.

"Mama Nduku," jirani yangu akaninong'oneza, akiniita kwa jina la binti yangu niliyempa jina la Shangazi, "mbona husimami? Unaumwa?"

Nilitikisa kichwa. Sikuwa na ugomvi na mchungaji. Sijui kama neno langu lingemwokoa Shangazi. Nilijua tu kwamba daktari aliuliza, na sisi wawili tuliompenda kuliko watu wote tulikuwa na jibu, tukaogopa kulitoa.