Kitabu Nilichokipa Tatu

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nilipokipa kitabu alama tatu huku moyo wangu ukitaka kukipa kumi. Imenijia leo baada ya kukuona na simu yako, unaangalia kwanza watu wamekipa kitabu nyota ngapi, ndipo na wewe unaweka hizo hizo. Kaa hapa kidogo, simu haitakimbia.

Nilikuwa msichana wa mtaa wa Ngokolo, nimemaliza shule juzijuzi, mwenye maneno mengi kila mahali isipokuwa mbele ya wakubwa. Wasomaji wachache tulikutana kila baada ya swala ya Ijumaa dukani kwa Mzee Salumu, muuza vitenge wa mtaa wa Kambarage. Vitabu vilikuwa vyake. Kila mmoja alitoa maoni na alama, mkubwa akianza. Cha upelelezi nilikipa nane, maana kiliniunguzia maharage. Cha mashairi nilikipa saba. Nilielewa nusu tu, lakini hiyo nusu niliiimba wiki nzima. Kimoja kilichotafsiriwa kutoka nchi za theluji nilikipa sita, kwa kuwa majina ya watu yalinichosha kabla baridi haijanifikia. Alama zangu hazikupishana sana na za mzee, nami nikajiona nina adabu kweli.

Rafu ilikuwa moja, kwa hiyo kitabu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekipa tano au zaidi kilipelekwa kwa Mama Kulwa, muuza karanga, achane kurasa afungie karanga zake.

Basi kikaja kitabu chembamba kinachomhusu mama ambaye mwanawe amekwenda machimboni. Kila Jumamosi analifua shati la mwanawe, ingawa ni safi, analianika, analikunja. Mwanangu, nililia. Kaka yangu Masanja alikuwa kwenye mashimo huko Geita, hatuna habari zake tangu masika, na mama yetu alikuwa bado anampakulia ugali. Hakujua kusoma. Nilitaka nimsomee, ajue hayuko peke yake.

"Hiki kimelala," alisema Mzee Salumu. "Tatu."

Wenzangu nao wakasema tatu. Zamu yangu ikafika.

"Tatu, mzee."

Kikaenda kwa Mama Kulwa.

Ijumaa iliyofuata niliwahi kufika. Mzee alikuwa amemaliza karanga zake, ameikunjua karatasi iliyozifunga anasoma. Aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, kisha akavua miwani.

"Huyu mama anayefua shati, mbona mimi sikumwona?"

"Ulisema kimelala, mzee."

"Mimi nilisoma nimechoka, nikaruka kurasa. Wewe ulisomaje?"

Nikamweleza yote, Masanja na ugali wa mama. Alikasirika, mwanangu, tena sana.

"Adabu ni kuniamkia, binti, siyo kunificha ulichokiona. Macho yangu haya yamechoka. Nimewaita hapa mnisaidie kuona!"

Tulikwenda wote kwa Mama Kulwa tukaokoa kurasa zilizobaki. Jioni ile nilimsomea mama, na palipokosekana nikasimulia. Alisikiliza mpaka nilipoishia.

"Wabeja, mwanangu," alinishukuru kwa Kisukuma. "Sasa nisomee mwisho wake."

Kurasa za mwisho zilikuwa zimekwenda na karanga. Nilimwambia nilivyokumbuka, lakini hayakuwa yale maneno, na mama alijua. Kitabu kile sijakipata tena. Mama naye ametutoka akiwa bado anamngoja Masanja.

Kwa hiyo, mwanangu, soma mpaka mwisho kabla hujatazama wenzako wamesemaje. Kikikuchosha, sema kimekuchosha, na useme wapi. Kikikuliza, kitetee hata ukibaki peke yako, hata mbele yangu mimi. Niamkie kwanza, halafu unibishie. Pengine yupo mtu anayekihitaji kitabu hicho, na wewe ndiye pekee unayejua kwamba kipo.

Mungu akujalie macho yako mwenyewe na ujasiri wa kuyasemea. Na unayempenda asikungojeshe. Amina.