Antena Kutoka Mokambo

Godefroid alifanya kazi relini maisha yake yote akitoboa tiketi za abiria. Lakini ofisi yake ilipakana na chumba cha redio ya stesheni, na kwa kuwa kila siku alisikia redio ikikoroma nyuma ya ukuta, alistaafu akiamini kwamba yeye ni fundi wa mawimbi. Siku hizi ni yeye mwenyewe anayesimulia habari hii, na huanza kucheka kabla wengine hawajamcheka.

Basi ilipojulikana kwamba binti yake Lydie ataweka nadhiri za kwanza za utawa katika kanisa kuu, na kwamba televisheni ya mji itaonyesha misa nzima, Godefroid alijitwika suala la antena bila kuombwa na mtu. Nyumba yao iko mwisho kabisa wa Annexe, wilaya ya pembezoni mwa mji, katikati ya mashamba ya mahindi, ambako picha hufika imechoka na kujaa chenga. Na mama mkwe wake, Mama Christiane, alikuwa amepanda treni toka Kongolo kuja kumwona mjukuu wake, safari ikamvimbisha miguu hata viatu vikamkataa. Kanisani asingefika. Kwenye kioo cha simu asingeona kitu, kwa macho yale. Godefroid akatuma neno kupitia kwa mkewe, Agnès, kwamba mama atulie tu, atamwona Lydie hadi kope.

Alituma neno kwa sababu kwao ni mwiko mwanamume kuzungumza na mama wa mkewe. Hawatazamani, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Tangu siku ya ndoa Godefroid na Mama Christiane waliheshimiana sana, yaani walikimbiana. Mmoja akitokea uani, mwingine yuko nyuma ya jiko. Mgeni angedhani wana kesi mahakamani.

Jirani yao, Guelor, alikuwa na antena ndogo aliyojitengenezea kwa vipande vya bomba la alumini, na picha yake haikuwa na neno. Akajitolea kumtengenezea Godefroid nyingine kama hiyo. Godefroid aliitazama kwa huruma, akasema inafaa kuanikia samaki. Kesho yake akapanda gari kwenda Mokambo.

Dukani kwa muuzaji mmoja aitwaye Chama, televisheni ilikuwa ikionyesha mpira wa Zambia, safi hadi jasho la kipa. Godefroid alisimama pale akitikisa kichwa kama mtu anayejua. Hakujiuliza Zambia iko mbali kiasi gani na duka lile. Ilikuwa pale pale ng'ambo ya mpaka. Hata mwiko wa kusongea bukari, ugali wa kwao, ungeikamata. Akachagua antena kubwa kuliko zote, yenye vyuma vingi kama ngazi, kwa hoja kwamba kikubwa hukamata zaidi. Njia nzima ya kurudi abiria wenzake walisafiri wameinamisha vichwa.

Aliisimika juu ya bati kwa mti mwembamba uliokuwepo, akaielekeza vile vile alivyoiona kwa Chama, yaani kusini. Zikaja chenga. Akaipandisha, akaishusha, akailaumu betri ya sola, akailaumu televisheni. Mwishowe Agnès, akiwa anaanika nguo, akamwuliza kwa nini antena imeupa mji mgongo na misa itatoka mjini. Godefroid akamweleza kwa upole kwamba mawimbi hayaendi hivyo. Akangoja mkewe aende sokoni, akapanda juu mbio na kuigeuza. Picha ikatoka safi. Jioni alisema alifanya marekebisho madogo ya kitaalamu.

Siku ya nadhiri ikaamka na upepo wa Agosti, ule wenye vumbi jekundu. Godefroid alikuwa amevaa suti, viatu vinang'aa, gari linangoja barabarani. Picha ikapotea. Wote wakatoka uani kutazama juu: upepo ulikuwa umeikamata antena kwa vyuma vyake vyote na kuigeuzia Zambia. Kubwa ilikuwa kubwa kweli, na mti haukuiweza. Guelor na mkewe Chola walishafunga nyumba yao na kuketi garini. Chola ndiye angeweza kubaki awe mdomo kati ya mkwe na mama mkwe, lakini misa ya mjini ilimvuta, na hakuonyesha dalili ya kushuka.

"Weye njo ulimuahidi mama yangu picha," Agnès akasema. "Bakia, uirudishe."

Godefroid akajibu kwamba ni jambo la dakika chache, atawafuata kwa pikipiki. Akapanda na suti yake. Akaigeuza antena kuelekea mjini, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akashuka ngazi. Upepo ukaigeuza. Akapanda tena. Mara hii alielewa kitu ambacho mtoboa tiketi yeyote angeweza kukielewa mapema: antena ile ingetulia endapo tu mtu angeishika. Na mtu alikuwa mmoja.

Akaishika. Na hapo aibu nyingine ikamshuka. Mwanamke ambaye yeye hakuwahi kuthubutu kumtazama usoni alikuwa ameketi chini yake, na viatu vya mkwe viko juu ya kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, bati tu katikati. Angejuaje kama picha imetoka? Kumwuliza hawezi. Naye hawezi kumjibu.

Akatega sikio kwenye bati. Halafu sauti ya kizee ikapanda kutoka ndani, ikisema na chombo kilichokuwa kando ya kiti, maana kusema na chombo si mwiko.

"Sufuria, ambia ule muntu ya yulu, picha inakuya. Asitikisike."

Godefroid, mtu wa juu, hakutikisika. Aliona pikipiki zikipita barabarani, akajua hatapanda hata moja, na binti yake hatamwona. Roho ilimuuma sana. Alikuwa amenunua mashine nzima ya kuonyesha, naye ndiye pekee asiyeona.

"Sufuria," sauti ikaendelea, ikapanda zaidi ili ipenye bati, "mutoto anaingia. Anavaa nyeupe. Anakonda kidogo, lakini iko muzuri. Anashika mushumaa na mikono mbili."

Tangu hapo Mama Christiane hakunyamaza. Aliiambia sufuria kila kitu: maua, askofu, jinsi Lydie alivyopiga magoti na kurekebisha pindo la nguo kama alivyofanya utotoni. Juu, Godefroid alifumba macho kwa ajili ya vumbi, akaona yote.

"Sufuria, banamuita jina. Anajibu: niko hapa. Anajibu kwa nguvu." Sauti ikakatika, ikarudi imelowa. "Ule muntu anasikia?"

"Ninasikia, Mama," Godefroid akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Alingoja aibu ya ukoo mzima imwangukie. Chini kwaya iliendelea kuimba.

"Sufuria," Mama Christiane akasema taratibu, "ambia mutoto yangu asiachilie."

Hakuwahi kumwita mkwe wake mtoto. Godefroid aliushika mti ule hadi wimbo wa mwisho, suti nyekundu kwa vumbi, akilia bila kujificha kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwona.

Agnès alirudi jioni amenuna. Walimkalisha nyuma ya nguzo, hakuona ila migongo ya watu. Godefroid akamkalisha uani, akamsimulia mshumaa ulioshikwa kwa mikono miwili, pindo la nguo, jibu lililotoka kwa nguvu. Agnès alisikiliza mdomo wazi, kisha akamtazama toka nywele hadi viatu, vyote vumbi tupu.

"Weye ulikuwa yulu. Nani alikuambia hii yote?"

"Sufuria," Godefroid akasema.

Nyuma ya jiko, mtu akakohoa kuficha kicheko.