Mifuko ya Sufu Kwenye Usukani

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwanangu, ukungu umeshuka kwetu Kitandililo hata mti wa uani hauonekani, na mama yangu amesimama mlangoni na fimbo yake, anaisikiliza pikipiki yangu. Nikifumba macho hata sasa nauona moshi wa jikoni ukichanganyika na ule ukungu, na sina hakika tena kipi kilikuwa moshi na kipi ukungu. Uzee ndivyo ulivyo, unakuachia harufu na kukunyang'anya tarehe. Ila maneno ya mama ninayo yote. Alisema, "Baba, leo siendi. Hiyo pikipiki yako naiogopa."

Nikueleze alikuwa aende wapi. Mama alikuwa na kidonda juu kidogo ya kifundo cha mguu. Jembe lilimkata akipalilia viazi, kidonda kikagoma kufunga. Kila wiki nilimpeleka Ilembula, hospitalini, wakakisafishe, na daktari alikwisha kumwambia bila kumung'unya maneno kwamba akianza kukosa siku zake, mguu ule utakatwa. Kutembea hawezi, gari la kupita kwetu hakuna. Mguu wa mama yangu ulitegemea pikipiki yangu ndogo.

Na baridi ya kwetu unaijua. Ukiendesha alfajiri vidole vinakufa, hujui kama umeshika breki au umeshika hewa. Mama akanionea huruma. Akalifumua sweta la marehemu baba, lile la kijani alilokuwa akivaa kanisani, akafuma mifuko miwili ya kuvalisha usukani, mkono uingie ndani upate joto. Alifuma akiwa amenyoosha mguu wake mgonjwa juu ya kigoda. Aliponipa, niliifunga usukanini kwa kamba, nikaikaza hasa, na nyaya zote zikabaki ndani ya fundo. Kijana mwenye mama anayempenda hawezi kujizuia kuringa. Niliringa Makambako nzima.

Haikupita wiki, pikipiki ikaingiwa na kichaa. Ule mlio wa injini ikiwa imesimama hujaivuta, ambao mafundi wanauita sailensa, ulikuwa unapanda wenyewe, mara unashuka. Nikisimama, inanguruma kama inagombana na mtu. Nikilegeza skrubu ya sailensa ili itulie, asubuhi na ile baridi inazimika kila nikiigusa. Nikiikaza, inanguruma tena. Nilikuwa natembea na bisibisi mfukoni kama mwalimu na chaki yake, nikiikaza na kuilegeza ile skrubu njia nzima, na moyoni najiona fundi.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile ya ukungu, tulifika pale tunapoiacha barabara kubwa kuingia Ilembula. Nilipunguza mwendo, nikakata kona ya kushoto polepole, na pikipiki ikaruka mbele yenyewe, mkono wangu haujavuta kitu. Mama akaanguka kwenye majani. Hakuvunjika, Mungu ni mwema, lakini kidonda kilitumbuka upya. Ndiyo maana siku ile alisimama mlangoni akakataa. Nilimwona anavyouegemeza ule mguu, nikajua nikimwacha wiki moja, itakuja ya pili, kisha ya tatu. Niliogopa, mwanangu. Nakwambia kweli, niliogopa kuliko siku nyingine yoyote ya ujana wangu.

Utauliza, mafundi hawakuwapo? Walikuwapo tele. Watatu wa Makambako walikwisha kuishika. Mmoja alisafisha kabureta, mwingine alibadilisha plagi, wa tatu aliizungusha ile skrubu kama mimi tu. Kila mmoja aliponirudishia, pikipiki ilitulia vizuri, inakoroma taratibu kama paka jikoni. Nikifika nyumbani, kichaa kinarudi. Nikaanza kusema nimerogwa. Usicheke, hata wewe ungesema.

Basi asubuhi ile ile nikaiondoa kuelekea Njombe, kwa Mzee Mligo, mtu aliyetengeneza mashine za kusaga tangu mimi sijazaliwa. Njia yote sikumbuki kitu ila weupe. Milima haikuwapo, misitu haikuwapo, nilikuwa mimi na mlio, na wakati mwingine nilihisi mlio unatangulia na mimi nafuata nyuma. Nilifika nimelowa, natetemeka. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo mbele ya kibanda chake anamenya kiazi cha kuchemsha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene," akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

Nikaanza kufungua zile kamba ili niivue mifuko, kama nilivyofanya kwa kila fundi. Sikutaka mikono ya grisi iguse sufu ya baba. Mzee akainua kiazi chake hewani kunizuia.

"Usivue kitu, na usiizime. Niachie hivyo hivyo inavyokwenda barabarani."

Hakushika bisibisi wala spana. Alitafuna, akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu hata nikadhani amesinzia. Kisha akaniambia nigeuze usukani wote kushoto. Injini ikapanda, ikalia. Nigeuze kulia. Ikashuka hadi ikataka kufa. Kushoto tena, ikapanda. Nilikuwa nimekaa juu ya ile pikipiki miezi, na kamwe sikuwahi kuugeuza usukani ikiwa imesimama, nikaisikiliza.

"Umefunga nini hapo?"

Aibu ikanigeukia hasira. Nikamjibu, "Mzee, hii alinifumia mama yangu."

"Sikukuuliza nani amefuma. Nimekuuliza kamba umeifunga wapi."

Akanyanyuka, akakata kamba kwa kisu kile kile cha kiazi. Waya wa akseleta ukachomoka kwenye fundo, ukajinyoosha wenyewe. Kumbe kila nilipogeuza kushoto, lile fundo liliuvuta ule waya, na pikipiki ikadhani mimi ndiye ninayevuta mafuta. Akanionyesha kwamba akseleta inatakiwa icheze kidogo, ulegevu mdogo tu, kabla haijaanza kuvuta. Akairudisha skrubu mahali pake. Tukageuza kushoto, tukageuza kulia, mlio ukabaki mmoja.

Ndipo akaniuliza kama wale mafundi watatu waliiona ile mifuko. Nikasema hapana, niliivua kwanza. Akanitazama, na macho yake hayakuwa na dhihaka.

"Basi hao hawakushindwa. Wewe uliwapelekea pikipiki nyingine. Mficha uchi hazai, kijana."

Nilirudi na mifuko imo ndani ya shati, vidole vimeganda. Njiani niliapa sitamwambia mama. Nitamwambiaje kwamba zawadi yake ndiyo iliyomwangusha? Nikafika, nikasema fundi amesafisha kabureta, imepona. Mama akaishika mikono yangu, akaiweka kwenye mashavu yake, ikamshtua kwa baridi.

"Na mifuko iko wapi?"

Nikamtazama yule mama, nikamsikia Mzee Mligo. Nikasema yote.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyejiangusha."

"Hapana, mama. Kamba niliifunga mimi."

"Basi nipe sindano zangu. Wewe ungeniacha nife na mguu wangu ili nisijue nimekosea kufuma?"

Alifumua upande wa kulia, akafuma upya, akaacha tundu la kupitishia waya. Mifuko ile nikaivalisha bila kamba ya kubana. Kesho yake akaja mwenyewe hadi kwenye pikipiki, akaniambia, "Geuza kushoto nisikie." Nikageuza. Akapanda. Tulikwenda Ilembula wiki ile na zilizofuata, hadi kidonda kikafunga, kikaacha kovu jeusi. Alitembea kwenda ibadani miaka mingi, na siku tulipomzika, mwanangu, tulimzika na miguu yake yote miwili.

Sasa nikuambie neno langu, nawe ulikunjie kwenye leso. Pikipiki ikikusumbua, usikimbilie skrubu iliyo karibu na kidole. Isimamishe, geuza usukani huku na huku, sikiliza. Ukienda kwa fundi, kwa daktari, kwa mchungaji, hata kwa mkeo, nenda na kamba zako zote ulivyozifunga, usizivue mlangoni. Na usidhani kitu ulichopewa kwa upendo hakiwezi kukuangusha. Kinaweza, kama umekifunga vibaya. Usikitupe, wala usimfiche aliyekupa. Mwambie. Atakuachia tundu la waya.

Nenda, mwanangu. Mungu wa mama yangu akutangulie kwenye ukungu, vidole vyako visife kwa baridi, na kila unayempakia nyuma yako umfikishe mzima.