Pipa Lililomtangulia Léocadie

Mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka. Léocadie, jirani yangu hapa Ilford, London, ni mtunza wazee, mtu wa kanisa, mwenye akili zake timamu. Sasa nani alimtuma kuchapisha fulana za msiba wa mama yake mzazi, na mama yuko hai?

Yeye anasema ni umbali. Burundi yetu haina bahari. Mzigo wa London hushuka Dar, kisha unaanza kusota barabarani na mipakani. Baba yake alipougua, alituma suti nzuri ya kumzikia. Mzee akazikwa na koti la kuazima, suti ikafika matanga yamekwisha. Kwenda mwenyewe? Kila mwaka husema mwakani.

Basi safari hii daktari wa Bujumbura alipotikisa kichwa juu ya mama, Léo aliapa hatachelewa tena. Akajaza pipa: sabuni, sukari, mashuka, na chini kabisa fulana nyeupe zenye picha ya mama na maneno "Pumzika kwa amani".

Griffins, wakala wa mizigo, Mkenya, alimwambia, "Auntie, siku hizi kuna njia mpya, reli halafu ziwa. Wiki sita tu."

Tulicheka mpaka kituo cha basi. Wiki sita za wakala tunazijua sisi: ni nusu mwaka.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa jikoni kwake, simu ikaita. Video. Alikuwa mama, amekonda, ameketi uani kwenye kiti cha plastiki. Amevaa fulana ile.

Yesu wangu! Sufuria ilimponyoka Léo. Nyuma ya mama walisimama wadogo zake Léo, nao wamezivaa, hawajui wacheke au walie.

"Pipa limefika juzi," mama alisema. "Kumbe njia imefunguka kweli. Hata vitenge sokoni vimeshuka bei. Lakini picha hii, Léo, si nilikwambia sijapendeza?"

"Mama, nisamehe. Nilidhani..."

"Ulidhani litanikuta nimeshakwenda."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Aliinyoosha fulana kifuani, taratibu, akasogeza uso karibu na simu.

"Limetoka huko huko uliko, mwanangu, na limenikuta hai. Wewe utafika lini?"