Ndege wa Dada

Sokoni Kibondo leo nimepita wanapouza pombe ya ndizi, na ile harufu tamu imenirudisha utotoni.

Dada yangu alikuwa ameokota kigae cha chungu kilichovunjika, akakiweka chini ya mibuni nyuma ya nyumba, akatia maji kidogo. Asubuhi ndege wakajaa, wanaoga na kurushiana maji, naye amekaa juu ya jiwe kama bibi harusi. Hata kuku wetu walimfuata yeye.

Sikuvumilia. Nikaburuta chombo kikubwa kuliko chake, kipande cha mtumbwi wa mti ambamo babu alikamulia ndizi za pombe. Nikakijaza maji mpaka juu, nikasubiri ndege.

Wakaja nyuki.

“Huo mtumbwi umekunywa pombe miaka yote,” mama alisema, akiuma kanga asicheke. “Ulifikiri watakuja nani?”

Dada hakucheka. Alisogea kwenye jiwe lake, akaniachia nafasi. “Njoo tuwaangalie wangu.”

Nilibaki palepale, shavu limevimba, nikimwambia kwamba mimi tangu mwanzo nilikuwa nataka nyuki.