Mueni, Fundi wa Vibao, na Fahali Aliyemleta Baba Malindi

Kumekucha, na ngazi imekwisha egemea ukuta wa mgahawa wa Bi Batuli, Malindi mjini. Juu yake amesimama Mueni Musyoka, suruali imejaa madoa ya rangi, brashi moja mkononi na nyingine ameing'ata. Anamalizia neno "Mahamri" pole pole, pumzi ameibana.

"Usinichoree mtu wala kuku, mwanangu," Bi Batuli anamkumbusha kutoka chini, sufuria ya mbaazi mkononi. "Nichoree birika. Birika halina roho, halitaniletea maswali Akhera."

"Nimekusikia, Bi Batuli. Na moshi je, nitie?"

"Alaa! Tia moshi. Ama wataka watu wadhani chai yangu imepoa?"

Mueni anacheka hadi ngazi inatikisika, na wapita njia wawili wanasimama kuitazama kazi. Huyu ndiye fundi wa vibao ambaye mikono yake imeenea pwani nzima siku hizi. Kanisa moja la Tezo limepata kibao kipya kwake, na wauza samaki wa Sabaki wameandikiwa meza zao. Hata Dena, anayetembeza wageni kwenye korongo la Marafa, alikuja kutaka mshale tu wa kuonyesha njia, akarudi na korongo lenyewe, jekundu kwa jeupe.

"Sasa wageni wanapiga picha kibao kwanza," Dena analalamika, ingawa meno yote yako nje. "Korongo la Mungu linangoja zamu!"

Mueni ana maelezo yake. "Kila mteja huja na neno mdomoni na picha kichwani," anasema. "Neno ananiambia. Picha naitafuta mwenyewe."

Hakuja pwani kutafuta picha. Alizaliwa upande wa Mwingi, na mwaka 1981 baba yake, Mzee Musyoka, alimpeleka Mombasa kusomea upigaji taipu. Kazi ilipatikana katika hoteli moja ya Malindi. Huko alimkuta Mzee Kiponda, aliyekuwa akiandika vibao vya hoteli, na kila mapumziko ya mchana akawa yuko kwa mzee huyo akimwoshea brashi. Mwaka wa pili akaiaga taipu. Nyumbani hakusema kitu.

Siri ingedumu kama si Ndirangu, mwenye bucha karibu na soko. Mwaka jana, 1986, Ndirangu alitaka fahali ukutani, mkubwa, mwenye nundu. Mueni alimchora asubuhi moja bila kutazama popote.

"Sijui kuchora ng'ombe wa mtu mwingine," anasema. "Nilimchora wa kwetu, yule aliyekufa na ukame wa mwaka 1984. Na kwetu ng'ombe ana chapa ya ukoo kwenye paja. Nikaitia. Kuiacha kungekuwa kama kumnyima mkia."

Lo! Hapo ndipo alipojichongea. Malindi imejaa Wakamba wenzake wanaofanya kazi mahotelini, na chapa ya ukoo wanaijua kama wanavyojua sauti ya mama. Habari ikapanda basi hadi Mwingi, na njiani ikanenepa: ng'ombe wa akina Musyoka wanachinjwa pwani, na muuzaji ni binti yao.

Mzee Musyoka alishuka Malindi na bakora yake. Hakuuliza nyumba ya binti yake, hata maji hakunywa. Alikwenda moja kwa moja hadi buchani, na Mueni alipofika mbio alimkuta ameelekeza bakora kwenye paja la fahali.

"Chapa hii ni ya baba zangu," mzee alisema. "Hata mwanangu wa kiume haichezei. Wewe, utakayeolewa kwa watu, nani alikupa?"

"Hakuna, Baba. Mkono ulijiendea."

"Basi huo mkono uweke brashi chini. Funga mzigo. Kesho tunapanda basi."

Mueni hafichi kwamba alilia. "Nililia kwa sababu baba alikuwa na haki," anasema. "Na kazi hii naipenda. Ningerudi kwetu kufanya nini?"

Ndirangu alitoka ndani, kisu mkononi. "Mzee, usimchukue! Tangu fahali huyu asimame hapa, watu wa kwenu hawanunui nyama kwingine. Wanasema huyu wanamjua."

Masikini Ndirangu, alidhani anasaidia.

"Kumbe umekuwa ukiuza jina letu kwa kilo!" mzee alifoka.

Ndirangu akanywea. Kisha akauliza kwa adabu, "Kwetu mtu akikosa hutozwa mbuzi. Kwenu je?"

"Kwetu pia."

Ndirangu akaleta mbuzi. Wakaitwa watu wa Mwingi waliokuwa karibu, moto ukawashwa nyuma ya bucha, na nyama ilipokuwa ikiiva Mueni alipanda ngazi akaifuta chapa mbele ya macho yao.

Mzee Musyoka alisogea ukutani. Alimtazama fahali kwa muda mrefu, kuanzia kwato hadi nundu.

"Pembe ya kushoto ilikuwa imeinama zaidi," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa nyingine kabisa.

"Nitairekebisha, Baba."

"Irekebishe. Halafu mtie chapa. Ng'ombe asiye na chapa ni wa mwizi."

"Chapa gani, na umenifutisha?"

"Yako."

"Baba, mimi sina."

"Basi tafuta."

Watu wa Mwingi waliacha kutafuna. Chapa hupokewa na mwana wa kiume kutoka kwa baba yake. Binti kuambiwa atafute ya kwake, hawakuwahi kulisikia. Kesho yake mzee alipanda basi peke yake.

Mueni alihangaika wiki nzima kabla ya kupata alama iliyomridhisha: mstari mmoja uliopinda, na nukta chini yake. Fahali wa Ndirangu sasa anayo pajani, na wateja hawajapungua.

Mwezi uliopita salamu zilifika kutoka nyumbani. Mzee Musyoka, ambaye ukame ulimwachia zizi tupu, ameanza kufuga tena. Ndama wote amekwisha watia chapa ya ukoo, isipokuwa jike mmoja mwekundu aliyemtenga.

"Nimempa mhunzi mchoro wa alama yangu," anasema Mueni, na hawezi kulizuia tabasamu. "Desemba nakwenda na chuma changu. Baba anasema huyo ndama haguswi na mtu mpaka nifike."